Ruba Kumi na Wawili wa Miji Pacha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye tumepata taarifa kwamba hatakuja; Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye tunaambiwa bado anatafuta mahali pa kuegesha gari; waheshimiwa wazee wetu wa pwani mlioketi karibu na hita; waheshimiwa mashehe na wachungaji, mliokubali kukaa meza moja kwa sababu meza ya pili imevunjika; wasomi wetu wa vyuo vikuu, wakiwemo wale ambao viza zao ni suala kati yao na Mwenyezi Mungu; akina mama wa kamati ya chakula; akina baba ambao mmekuja kuwasindikiza akina mama wa kamati ya chakula; watoto wetu mnaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza; mabibi na mabwana, itifaki yote ikiwa imezingatiwa, na ile isiyozingatiwa ikiwa imesamehewa: habari za asubuhi! (Nzuri!) Sijasikia. Habari za asubuhi! (Nzuri, endelea!)

Kwa wale wachache wasionifahamu, na nimeambiwa yuko mmoja, mimi ni Eliakim Mwakalinga, Mwenyekiti Mtendaji wa Shirikisho la Wasemaji wa Kiswahili wa Miji Pacha na Vitongoji Vyake, Mwasisi wa Shirikisho hilohilo, Mlezi wa timu yake ya mpira ambayo iko mbioni kuundwa, mtarajiwa wa shahada ya uzamivu tangu mwaka themanini na saba, na kitaaluma ni Msimamizi Mwandamizi wa maegesho ya magari katika ofisi moja kubwa kule Plymouth, ambako hakuna gari linaloingia wala kutoka bila ya mimi kuliona. (Sauti: "Hata kama limeshapita!")

Nimesimama mbele yenu katika ukumbi huu wa Saint Paul, hapa Minnesota, nikijua fika kwamba ajenda ya leo ina kipengele kilicholetwa na dada yetu Philister, kinachopendekeza nivuliwe uenyekiti kutokana na yale yaliyojiri mwezi Machi, siku ya harusi ya Nasima, binti wa Mzee Jumaa, na kijana wetu Faiz. (Makofi marefu.) Naona makofi. Nayapokea kama ishara ya imani. (Makofi yanakatika.) Na kabla hamjapiga kura naomba, kwa mujibu wa katiba yetu, ambayo ninaihifadhi nyumbani, niwaeleze kwa mapana na marefu yake Mradi wa Kengele ya Tufani kwa Nguvu ya Ruba: chimbuko lake, fizibiliti yake, implimentesheni yake, na mafanikio yake, ambayo wapinga maendeleo wameamua kuyaita balaa.

Ndugu zangu, sote tulikuwepo hapa mwaka tisini na moja, ile tufani ya theluji ya Halloween, mwishoni mwa Oktoba, ilipotuangukia. Wengi wetu tulikuwa wageni, tukitazama ile theluji ya kwanza tukasema ni nzuri, ya pili tukasema inatosha, na kufikia kesho yake magari yetu yalikuwa vichuguu vyeupe na hakuna aliyejua lake ni lipi. Philister mwenyewe alichimba kwa ufagio na sahani kuanzia asubuhi, akafikia mlango wa gari, akaufungua, akakuta ni gari la jirani. (Kicheko.)

Philister: "Usinitie mimi kwenye speech yako, Mwenyekiti! Mimi nataka kujua ni kwa nini ulitudanganya kuhusu weather!"

Nashukuru kwa mchango huo. Basi, baada ya tufani ile, mimi kama kiongozi sikulala. Yaani nililala, lakini kwa wasiwasi. Nikajiuliza, watu wangu wanaofanya kazi Savage, Burnsville na Plymouth, wanaoondoka alfajiri na koti moja na sambusa mbili, watajuaje kwamba tufani inakuja? Jibu likanijia katika maktaba ya chuo, nilikokuwa nimeingia kufanya utafiti wa kina, na pia kusubiri basi mahali penye joto. Mbele yangu pakawa na kitabu kikubwa chenye picha, kinachoeleza mambo ya ajabu yaliyobuniwa na Waingereza na Waamerika wakati wa Malkia Viktoria, enzi ambazo mtu akiwa na wazo na kipande cha shaba hakuna aliyemzuia. (Sauti: "Kama wewe!") Kama mimi, ahsante.

Kamati Tendaji ilikaa. Kamati Tendaji, kwa faida ya wageni, ni mimi pamoja na ndugu Cyrus, Katibu wetu wa Sayansi, Teknolojia na Viti. Tukapitia mapendekezo. Tulianza na kofia inayojiinua yenyewe kichwani ili kusalimia mabibi barabarani, kwa mtambo wa saa uliofichwa ndani yake, na tukaikataa kwa sababu mtu wetu akiona kofia inainuka peke yake hatasalimia, atakimbia. Tukaja kwenye jeneza lenye kamba na kengele juu ya kaburi, ili aliyezikwa kwa makosa apate kuita. Hilo nililiwasilisha mimi mwenyewe kwa Bi Kuluthumu wa kamati ya mazishi, na mtakumbuka kwamba Bi Kuluthumu alisimama, akachukua pochi yake, na hadi leo hajarudi kwenye kikao. (Kicheko.)

Ndipo tukafika kwa ruba.

(Minong'ono.)

Ndiyo, ruba! Msinune. Mwaka elfu moja mia nane hamsini na moja, huko Uingereza, daktari mmoja wa mji wa pwani aligundua kwamba ruba, huyu mnyonya damu tunayemdharau, anahisi tufani kabla ya binadamu. Hewa ikianza kubadilika, yeye hupanda juu ya chupa. Daktari yule akachukua chupa kumi na mbili, akaweka ruba mmoja katika kila chupa, akazipanga duara ili ruba waonane wasije wakapatwa na upweke, kwa maana alikuwa mtu mwenye huruma. Kila ruba akipanda, hugusa kijiti, kijiti huachia mnyororo, mnyororo huachia nyundo, nyundo hugonga kengele, ngaa! Wakipanda wengi, kengele hulia sana, na hapo ujue tufani inakuja. Chombo kile kikapelekwa katika maonyesho makubwa ya London, kwenye jumba lile la vioo, dunia nzima ikakiona, na serikali ya Uingereza ikakikataa. Na mimi nikasema, kitu kilichokataliwa na wakoloni hakiwezi kuwa kibaya! (Makofi ya wazee wa pwani.)

Sauti, kijana mmoja mwanafunzi: "Lakini Mwenyekiti, si tuna TV? Kila jioni wanatangaza hali ya hewa!"

Swali zuri, kaa. Televisheni inatangaza hali ya hewa ya jimbo zima, kwa nyuzi za Farenhaiti, kwa Kiingereza cha puani, katikati ya matangazo ya magodoro. Je, kuna siku hata moja televisheni imesema, "Wasemaji wa Kiswahili wa Savage, vaeni buti"? (Sauti: "Hapana.") Basi. Na zaidi ya hayo, ruba hapa Minnesota ni rasilimali ya ndani. Nendeni duka lolote la chambo karibu na ziwa, mtawakuta wanauzwa kwa wavuvi, wanene, wenye afya, wakisubiri kumezwa na samaki. Sera yetu ilikuwa ni kuwatoa ruba hao katika ajira duni na kuwapa kazi ya kitaaluma.

Matokeo yake mnayajua. Zile chupa kumi na mbili za achari, zilizosafishwa na kuwekwa pale dirishani, juu ya meza yenye kitambaa cha kijani, na kengele ya shaba katikati, mmeziona nyote mkiingia humu msimu mzima. Mmewaona ruba wenyewe, weusi, watulivu, wakining'inia majini bila kulalamika, tofauti na wanachama wengine. Na kengele ililia au haikulia? (Sauti chache: "Ililia.") Mwezi wa Desemba ililia, theluji ikaanguka. Januari ililia, barafu ikaziba barabara ya thelathini na tano. Asilimia tisini na tisa nukta tisa ya ufanisi! Wanachama mkawa mnapiga simu ukumbini badala ya kutazama televisheni. Mzee Jumaa alinipigia mwenyewe akasema, "Mwanangu Eliakim, hawa wadudu wako wanaona kuliko miwani yangu." Sasa tukiwa katika kilele hicho cha mafanikio, ikafika ile Jumamosi ya harusi.

Mzee Jumaa alinijia siku moja kabla. Alikuwa na wasiwasi. Alisema, "Mwenyekiti, shehe anakaa Burnsville, bwana harusi yuko Savage, binti yangu atakuwa ukumbini Saint Paul na wanawake. Nikiambiwa kuna theluji, nitaahirisha. Binti yangu ni mmoja tu. Unasemaje?" Mimi sikumjibu kwa mdomo kama watu wa mtaani. Nilikwenda mbele ya chupa, nikasimama kwa heshima, nikasikiliza kengele. Kimya. Jumamosi asubuhi nikasikiliza tena. Kimya. Ndipo nilipoandika Cheti cha Hali Shwari, nikakipiga muhuri, nikakibandika mlangoni: leo jua, njooni na viatu vyepesi.

Philister: "Nilivaa sandals, Mwenyekiti! Sandals! Ni-me-drive kutoka kazini na sandals!"

Ulipendeza sana, dada Philister. (Kicheko.) Na mimi mwenyewe, kama mfano, nilivaa ile suti yangu nyeupe ya kitani, bila koti, bila glavu, nikapanda gari la Mzee Jumaa kwenda kumchukua shehe. Tukamchukua. Tukaanza kurudi. Hatujafika mbali, mbingu zikafunguka. Ndugu zangu, sitaki kutumia lugha ya kutisha, lakini Mzee Jumaa alisema, "Barabara iko wapi?" na shehe akaanza kusoma dua. Tukaona taa ya kituo cha mafuta, tukaifuata kama mamajusi, tukaingia dukani tukitetemeka, na mtu wa kwanza tuliyemwona, amesimama karibu na mashine ya kahawa, na kanzu yake imelowa hadi magotini, alikuwa nani? (Sauti: "Faiz!") Faiz! Bwana harusi mwenyewe, pamoja na rafiki zake wawili kutoka ghala wanakofanya kazi, gari lao likiwa limelala mtaroni.

Sitaficha kwamba Mzee Jumaa alilia. Alikaa juu ya mfuko wa chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, akasema, "Mwanangu amekaa na hina mikononi, ananisubiri, na mimi nimekuja kukaa huku na mafuta ya injini." Faiz alikuwa anaufuta na kuufuta uso kwa kilemba, na maji hayakuwa yote ya theluji. Mimi hapo nilifanya nini? Nilifanya uongozi. Nilitoa hotuba fupi ya kuwatia moyo.

Mzee Jumaa, kutoka kitini: "Ilikuwa ndefu!"

Ilikuwa ya kadiri, mzee wangu. Na ilikuwa katikati ya hotuba hiyo ndipo shehe aliponikatiza, akasema maneno ambayo nayachukulia kuwa ni zao la moja kwa moja la mradi wetu. Alisema, "Jamani, bwana harusi yupo, baba wa binti, ndiye walii wa kumwozesha, yupo, mashahidi wawili wapo, na mimi nipo. Kinachokosekana ni ridhaa ya bibi harusi. Simu si ile pale?"

(Vigelegele upande wa akina mama.)

Palikuwa na simu ya sarafu ukutani. Tukakusanya sarafu, tukapiga hapa ukumbini, na Bi Fatimah, mkuu wa kamati ya chakula, akapokea, akamwita Nasima. Kwa kuwa itifaki inataka mkubwa aanze, nilichukua mkono wa simu nikawasalimu akina mama kwa niaba ya Shirikisho, nikawapa pole, nikagusia kidogo historia ya Shirikisho, na nilikuwa nimefika mwaka themanini na tisa simu ilipokatika kwa kuishiwa sarafu. (Kelele za ghadhabu.) Tulieni! Tulieni, mwisho wake ni mzuri! Yule mama wa dukani, Mmarekani mwenye fulana ya timu ya magongo, ambaye muda wote alikuwa anatutazama bila kuelewa, alimwona Mzee Jumaa ameshika kichwa, akauliza kuna nini, Faiz akamweleza, na yule mama akachukua simu yake mwenyewe ya kaunta, akaivuta waya mpaka mwisho, akamkabidhi shehe. Hakutaka hata sarafu moja. Mimi nikanyoosha mkono ili niendeleze pale nilipoishia, na kutoka ndani ya ile simu, sote tulisikia sauti ya Nasima, wazi kabisa, ikisema: "Kwa heshima zote, mwambieni Mwenyekiti akae chini."

(Kicheko na makofi. Baadhi wanasimama.)

Nikakaa. Nataka ijulikane kwamba nilikaa. Kiongozi bora hujua wakati wa kukaa.

Shehe akamuuliza binti, anaridhia kuozwa Faiz kwa mahari ya msahafu na mkufu waliopatana? Tukasikia upepo ukipiga vioo. Halafu binti akasema, "Baba yupo hapo? Ana koti?" Mzee Jumaa akasogea akasema, "Niko, mama. Ninalo." Naye akasema, "Basi naridhia." Na ndugu zangu, vile vigelegele vilivyotoka kwenye simu ile, dereva mmoja wa lori aliyekuwa anamimina kahawa aliimwaga yote kwenye kiatu chake. Ndoa ikafungwa hapo hapo, kati ya maji ya radieta na donati, Faiz akiwa amemshika mkono baba mkwe wake, na yule mama wa kaunta akatupa donati zote za siku ile bila kudai kitu, akifuta machozi kwa risiti.

Kesho yake asubuhi likaja gari la serikali la kusukuma theluji. Dereva wake aliposikia habari, akamwambia Faiz amfuate nyuma kwa gari la Mzee Jumaa, akamfungulia njia hadi mlango wa ukumbi huu, taa za manjano zikizunguka kama gari la waziri. Nasima akatoka mlangoni, gauni lake la harusi limefungiwa ndani ya koti la mtu mwingine, buti za mtu mwingine miguuni. Faiz alikuwa ameandaa maneno njia nzima. Nilikuwa naye garini, alikuwa anayarudia. Alipomwona mkewe, akayasahau yote. Binti akamtazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Umechelewa. Vua viatu, uingie, chai imeiva." (Makofi marefu. Nasima anaficha uso kwenye mtandio, Faiz anacheka.)

Hao hapo, wameketi pamoja! Sasa nawauliza, kengele ingelia Jumamosi ile, harusi ingeahirishwa, na nani anajua kama ingekuja kufungwa? Kunyamaza kwa ruba hakukuwa feli, kulikuwa ni maono! Kwa hiyo, kwa tathmini huru niliyojifanyia mwenyewe, Mradi umevuka malengo kwa asilimia mia na kumi na nne, na katika awamu ya pili, mkinirudishia dhamana, nitaweka vituo vya ruba Savage, Plymouth, Burnsville, na kimoja cha kuhamishika chenye magurudumu.

Ruba juu! (Sauti mbili: "Juu.") Tufani chini! (Sauti moja: "Chini.") Kengele ni ulinzi, ulinzi ni maendeleo, maendeleo ni mwenyekiti yuleyule! (Kimya.)

Kwa kumalizia, shukrani. Namshukuru Mzee Jumaa kwa moyo wake wa subira. Namshukuru yule mama wa kituo cha mafuta, ambaye tumempelekea sahani ya pilau naye akatuuliza kama ile iliki inaliwa. Kwa namna ya pekee namshukuru ndugu Cyrus, Katibu wetu wa Sayansi, Teknolojia na Viti, ambaye kila jioni, bila malipo, alikuwa anatazama utabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni ya chumba cha nyuma, na kukiwa na tufani anavuta ile kamba iliyofungwa kwenye kengele. Na hapa niseme wazi kwamba yale ya Machi si kosa lake, kwani wiki ile televisheni iliharibika na hakutaka kunisumbua. (Vichwa vyote vinamgeukia Cyrus.)

Philister: "Ngoja. Kamba?"

Cyrus: "Mwenyekiti, tulisema hiyo tusiitaje."

Lazima watu wapewe haki yao, Cyrus. Na nitakuwa mwizi wa fadhila nisipomshukuru Bi Fatimah, kwa ule ukwaju wake wa Mombasa aliotuazima bila kuuliza wa nini, ambao ulikaa katika zile chupa kumi na mbili kwa uvumilivu mkubwa, ukiwakilisha ruba, mpaka hapo ruba watakapopatikana. Bajeti ya kwenda duka la chambo tutaijadili awamu ya pili. Bi Fatimah, mali yako imerudi salama. Cyrus aliirejesha jikoni jana, kipande kwa kipande.

Bi Fatimah, akisimama polepole: "Jana? Ule uliokuwa kwenye bakuli jikoni?"

Huohuo, Bi Fatimah.

Bi Fatimah: "Si ndio nimewatengenezea watu juisi asubuhi hii!"

(Glasi zinawekwa chini, moja moja, kisha zote kwa pamoja. Viti vinaburutwa.)

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Sasa tuingie kwenye kipengele cha kura. Naona mikono mingi imeshanyooshwa, ingawa sijauliza swali. Cyrus, hebu wahesabu. Wahesabu kwanza wale ambao mkono mwingine haujashika mdomo.